Visu vya mahandakini: Barabara moja na makumbusho mawili mjini Brussels

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vinakumbukwa kwa mizinga, gesi ya sumu na bunduki za rashasha. Lakini katika mahandaki ya Ubelgiji na Ufaransa, askari wa mataifa yenye viwanda vikubwa kabisa duniani walirudi kwenye silaha ya kale, kisu, na wengi wao walikitengeneza kwa mikono yao wenyewe. Historia ya visu hivyo inaweza kusomwa mjini Brussels, na Waafrika wamo ndani yake.

Upande wa mashariki wa mji wa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, limesimama lango kubwa la mawe lenye matao matatu. Lango hilo limo katika bustani ya Cinquantenaire, jina lenye maana ya maadhimisho ya miaka 50, kwa kuwa bustani iliandaliwa kwa maonyesho ya mwaka 1880, Ubelgiji ilipotimiza nusu karne ya uhuru wake. Lango lenyewe lilikamilika mwaka 1905. Pembeni yake, tangu mwaka 1923, yapo Makumbusho ya Kifalme ya Jeshi na Historia ya Kivita, ambayo chimbuko lake ni vitu vipatavyo 900 vilivyokusanywa na afisa wa jeshi Louis Leconte kwa ajili ya maonyesho ya Brussels ya mwaka 1910.

Mbele ya lango hilo huanzia barabara pana iitwayo Avenue de Tervueren. Barabara hiyo huelekea mashariki kwa kilomita 10 hivi, ikapita kwenye makazi na misitu, hadi mji mdogo wa Tervuren, yalipo Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Ilijengwa wakati wa Mfalme Leopold wa Pili kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897. Aliyesanifu lango la Cinquantenaire na jumba la makumbusho la Tervuren ni mtu mmoja, Mfaransa Charles Girault.

Katika kila mwisho wa barabara hiyo vimehifadhiwa visu vya vita. Mwisho wa kwanza ni vile vya askari wa Ulaya wa mwaka 1914 hadi 1918. Mwisho wa pili ni vile vya wahunzi wa Kongo. Vya kwanza vimeelezwa siku zote kuwa ni historia ya vita. Vya pili, kwa muda mrefu, vilielezwa kuwa ni mila za makabila. Anayevitazama kwa makini huona kwamba vimetokana na fikra moja: mtu mwenye haja, kipande cha chuma, na mkono unaojaribu na kurekebisha mpaka umbo lifae.

HANDAKI JEMBAMBA, BUNDUKI NDEFU

Majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Ubelgiji mwezi Agosti mwaka 1914, hakuna aliyefikiria vita vya visu. Majemadari wa pande zote walitazamia vita vya mwendo, ambapo askari wa miguu wangekimbilia adui uwanjani, bunduki mkononi na singe imefungwa mbele ya mtutu. Kwa mashambulizi ya namna hiyo, urefu wa silaha ulihesabiwa kuwa ni faida. Bunduki ya Kifaransa aina ya Lebel ilikuwa na urefu wa mita 1.3, na ikiongezwa singe yake, iliyokuwa nyembamba kama msumari mrefu, ilifika mita 1.8. Wajerumani nao walikuwa na singe yenye bapa la nusu mita hivi.

Brussels ilianguka mikononi mwa Wajerumani tarehe 20 Agosti. Ngome za Liège zilikuwa zimekwisha kuvunjwa, na pamoja nazo kilipotea kiwanda cha silaha cha Herstal kilichokuwa kikitengeneza bunduki za Mauser za jeshi la Ubelgiji. Jeshi hilo lilirudi nyuma mpaka likasimama nyuma ya mto Yser, karibu na bahari ya Kaskazini. Mwishoni mwa Oktoba milango ya maji ya Nieuwpoort ilifunguliwa, maji ya bahari yakafurika mashambani na kuwazuia Wajerumani. Tangu hapo, mstari wa mahandaki ulianzia pwani ya Ubelgiji, ukapita Ufaransa, na kufika mpaka wa Uswisi, masafa ya kilomita 700 hivi.

Ndani ya mahandaki hayo urefu wa bunduki uligeuka kuwa balaa. Handaki lilikuwa jembamba, lilichimbwa kwa kupindapinda ili mlipuko mmoja usiwaangamize wote, na kila baada ya hatua chache palikuwa na kona. Mtu aliyeshika silaha yenye urefu unaomzidi yeye mwenyewe hakuweza hata kuigeuza. Karibu na mji wa Diksmuide, katika sehemu waliyoiita Handaki la Mauti, Wabelgiji na Wajerumani walitenganishwa mahali pengine na mita 50 hivi tu. Usiku makundi madogo yalitambaa kupita kwenye seng'enge ili kumvamia mlinzi, kukamata mateka au kuchunguza. Mlio wa risasi moja ungewaamsha maadui wote. Kilichohitajika ni silaha fupi, ya kimya, ya kushikwa kwa mkono mmoja.

Hakuna jeshi lililokuwa nayo ghalani. Basi askari wakaanza kuitengeneza.

CHUMA CHA JIKONI, CHA SINGE NA CHA SENG'ENGE

Ukifuatilia maumbo ya visu vya miezi ile ya mwanzo, utaona asili tatu.

Asili ya kwanza ni nyumbani. Askari waliandika barua wakiomba visu, na familia zikawatumia vya kuchinjia, vya jikoni na vya kuwindia. Wajerumani wengi walikuwa na desturi ya kubeba kisu cha uwindaji, na wengine walikinunua kwa fedha zao wenyewe. Kasoro za visu hivyo zilijitokeza mapema. Kisu cha jikoni kina makali upande mmoja, bapa lake ni jepesi, na mpini wake hauna kizuizi. Mkono uliolowa tope ukisukuma kwa nguvu kwenye koti zito la baridi, huteleza na kumkata mwenye kisu mwenyewe.

Asili ya pili ni singe. Silaha ndefu isiyofaa ilikuwa hata hivyo chuma cha pua kilicho bora, na singe zilizovunjika hazikukosekana. Nyuma ya mstari wa mbele, kila kikosi kilikuwa na wahunzi wa kutia farasi viatu, mafundi wa bunduki na mafundi wa magari. Singe ya Lebel ilikatwa vipande viwili au vitatu, kila kipande kikachongwa ncha na kutiwa mpini wa mti. Asili ya jambia la namna hiyo haifichiki hata leo. Bapa la singe ya Lebel lina mifereji minne, na likitazamwa kutoka nchani huonekana kama msalaba. Jambia lenye umbo hilo ni mtoto wa singe ya Lebel. Lakini lilirithi pia kasoro ya mzazi wake: liliweza kuchoma tu, halikuweza kukata.

Asili ya tatu ndiyo inayoeleza zaidi hali ya vita vile. Seng'enge za mbele ya mahandaki zilishikiliwa na nguzo nyembamba za chuma. Nguzo hizo zilikuwa kila mahali, bure, na zilikuwa na unene unaofaa kwa mkono. Fundi alikata kipande, akakitia motoni, akagonga upande mmoja mpaka ukawa bapa lenye ncha, na upande wa pili akaukunja ukawa kitanzi cha kupitisha vidole vinne. Mpini na bapa vilikuwa chuma kimoja, bila msumari wala kipande cha mti. Kifaa hicho kikajulikana kwa jina la msumari wa Kifaransa.

Wanahistoria wa silaha wameuona msumari huo kuwa ni kifaa duni, na kwa kweli haukuwa na uzuri wowote. Hata hivyo ulikuwa umetatua matatizo mawili yaliyokishinda kisu cha jikoni. Kitanzi kiliuzuia mkono usiteleze kwenye ncha, na kiliuzuia msumari usidondoke gizani. Aidha, ngumi iliyovikwa chuma ilikuwa silaha yenyewe. Wazo hilo la kitanzi, lililozaliwa kwenye moto wa fundi asiyejulikana, litaonekana tena baadaye katika visu vya viwandani vya taifa lililokuwa mbali kabisa na mahandaki hayo.

VIWANDA VYAFUATA NYAYO ZA MAFUNDI

Kuanzia mwaka 1915 majeshi yaliukubali ukweli ambao askari walikwisha kuujua. Ufaransa iligeukia Thiers, mji ambao kwa karne nyingi umeishi kwa kutengeneza visu. Majambia ya Thiers yalikuwa na bapa pana lenye makali pande mbili, mpini wa mti na kizuizi kifupi cha chuma. Mengine yalichorwa maneno yenye maana ya mlipiza kisasi wa 1870, kukumbusha vita ambavyo Ufaransa ilishindwa na Ujerumani.

Ujerumani iligeukia Solingen, mji wenye sifa hiyo hiyo. Kisu chake cha kupigania kwa karibu kilikuwa na bapa la sentimita 15 hivi na mpini wa mti uliochongwa mifereji ya kuinamia upande, ili mkono wenye tope au glavu usiteleze. Ala yake ilikuwa fupi, ikavaliwa kwenye mkanda au ndani ya buti. Waingereza hawakuwapa askari wao wote kisu rasmi cha mahandakini, na pengo hilo likajazwa na viwanda binafsi kama Robbins cha mji wa Dudley, ambacho maafisa na askari walinunua bidhaa zake.

Wamarekani walijiunga na vita mwaka 1917, na wao ndio walioandika wazi kile ambacho wengine walijifunza kwa kujaribu. Kisu chao cha kwanza, cha mwaka 1917, kilikuwa na bapa la pembe tatu na mpini wenye kinga ya chuma mbele ya vidole. Mwaka 1918 kililinganishwa na visu vya washirika wao, na kasoro zake zikaonekana: kilichoma tu, na bapa lake lilivunjika kirahisi. Kilichofuata, kilichoitwa Mark I, kilikuwa na bapa la sentimita 17 lenye makali pande mbili kwa mfano wa kisu cha Kifaransa, na mpini wa shaba wenye matundu manne ya vidole. Katika kisu hicho kimoja umbo la Thiers na kitanzi cha msumari wa seng'enge vilikutana.

Kushindwa kwa bapa la pembe tatu kuna sababu nyingine ya kawaida kabisa. Askari aliishi na kisu chake mchana kutwa, na mchana hakukuwa na uvamizi. Alikitumia kukata mkate, kufungua makopo, kuchonga kuni na kukwangua tope kwenye viatu. Kisu kisichokata mkate kilikuwa mzigo kwa mtu aliyekwisha kubeba mizigo mingi. Umbo lililodumu ni lile lililotumika usiku na mchana.

Ni vema pia kukiweka kisu mahali pake. Sehemu kubwa ya waliouawa na kujeruhiwa katika vita vile ilitokana na mizinga, na katika eneo la Ypres, tarehe 22 Aprili mwaka 1915, Wajerumani waliachia gesi ya klorini iliyoangamiza watu bila kugusana nao. Idadi ya waliokufa kwa kisu ilikuwa ndogo. Umuhimu wa kisu katika historia umo katika jambo jingine: kinaonyesha jinsi vita vya viwanda vilivyomrudisha binadamu kwenye giza, tope na mkono wake mwenyewe.

KISU KIMOJA, HUKUMU MBILI

Hapo ndipo historia hii inapowafikia Waafrika.

Mwezi Oktoba na Novemba mwaka 1914, mji wa Diksmuide ulitetewa na Wabelgiji, wanamaji wa Kifaransa na askari wa Kiafrika waliojulikana kama wapiganaji wa Senegal, ingawa walitoka katika makoloni mengi ya Ufaransa ya Afrika Magharibi. Walipigana katika baridi na maji, na walipata hasara kubwa. Katika miaka ya vita, askari hao walipewa pia panga fupi na pana, lifaalo kwa kukatia vichaka na kwa mapambano ya karibu.

Panga hilo likawa silaha ya propaganda. Tarehe 30 Julai mwaka 1915, serikali ya Ujerumani ilitoa waraka ikilalamika kwamba Uingereza na Ufaransa zilikiuka sheria ya kimataifa kwa kuwaleta askari wasio weupe kupigana Ulaya, na ikawatuhumu kwa ukatili wa kukata viungo vya maadui. Magazeti ya Ufaransa nayo hayakuwatetea kwa heshima. Mengine yalifurahia kumchora Mwafrika mwenye panga na tabasamu, kama kitisho kilicho upande wao.

Wakati waraka ule unaandikwa, mafundi wa Solingen walikuwa wakichonga mipini ya visu vya mahandakini, mafundi wa Thiers wakifua majambia yenye jina la kisasi, na askari wa kila taifa wakinoa vipande vya singe. Kwa Mzungu kisu kilihesabiwa kuwa ni ushujaa na ubunifu wakati wa dhiki. Kwa Mwafrika kisu hicho hicho kilihesabiwa kuwa ni tabia yake ya kuzaliwa. Vita havina macho, wasema Waswahili, lakini wanaovisimulia wana macho, na huchagua la kuona.

Wakongo nao hawakuwa mbali. Ubelgiji haikulileta Ulaya jeshi la koloni lake, Force Publique. Jeshi hilo lilipigana Afrika Mashariki, likauteka mji wa Tabora tarehe 19 Septemba mwaka 1916, likisaidiwa na maelfu kwa maelfu ya wapagazi. Lakini Wakongo wachache waliokuwa wakiishi Ubelgiji, wapatao 32, waliingia katika jeshi la Ubelgiji lenyewe. Mmoja wao alikuwa Paul Panda Farnana, mtaalamu wa kilimo, aliyetekwa mwezi Agosti mwaka 1914 katika mapigano ya Namur na kushikiliwa Ujerumani mpaka mwisho wa vita.

Panda Farnana alirudi Brussels, na mwaka 1919 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Wakongo, Union Congolaise. Mwaka 1921 alihudhuria Mkutano wa Pili wa Umoja wa Waafrika, uliomkutanisha na watu kama W.E.B. Du Bois na Blaise Diagne. Kikao cha Brussels kilifanyika katika majumba yale yale ya Cinquantenaire. Miaka miwili baadaye, makumbusho ya jeshi yalifungua milango yake hapo hapo, na silaha za vita alivyopigana Panda Farnana zikapata makao ya kudumu.

MWISHO WA PILI WA BARABARA

Kilomita 10 kutoka hapo, visu vya Kongo vilikuwa vimekwisha kupata makao. Maonyesho ya Tervuren ya mwaka 1897 hayakuleta vitu peke yake. Wakongo 267 waliletwa ili watazamwe, na saba kati yao walifia Ubelgiji. Jumba la makumbusho lililopo leo lilifunguliwa mwaka 1910, na mkusanyiko wake wa vitu vya tamaduni umefikia vitu vipatavyo 120,000. Sehemu kubwa ilikusanywa wakati wa ukoloni na maafisa wa jeshi, watawala, wamisionari na wafanyabiashara, mara nyingine kwa kununua, mara nyingine kwa nguvu.

Silaha za Kongo nazo zina historia ya umbo. Mfano mzuri ni kisu cha kurusha, kilichotumika katika eneo kubwa kuanzia nchi za kandokando ya ziwa Chad hadi bonde la mto Kongo. Kisu hicho kina mabapa kadhaa yanayochomoza pande mbalimbali. Mgeni aliyekitazama ukutani alidhani ni pambo la ajabu. Kwa kweli kila bapa lina kazi. Kisu kikirushwa huzunguka hewani, na mrushaji hawezi kujua ni upande gani utakaotangulia kumfikia adui. Yakiwepo makali kila upande, swali hilo halina haja ya kuulizwa. Mhunzi alipaswa kupima urefu na uzito wa kila bapa ili kisu kizunguke sawasawa. Miongoni mwa Wazande, visu vya namna hiyo viitwavyo kpinga vilihifadhiwa kwa wakuu na kugawiwa wapiganaji wakati wa vita, jambo linalofanana sana na ghala la silaha la dola yoyote.

Visu hivyo navyo vilibadilika kwa kadiri mambo yalivyobadilika. Msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyefika kwa Mfalme Mbunza wa Wamangbetu mwaka 1870, alikuta wahunzi wenye ustadi mkubwa. Kisu chao kilichopinda kama mundu, kiitwacho trumbash, kilikuwa pia alama ya hadhi, na vingine vilitiwa mpini wa pembe ya ndovu. Katika sehemu nyingi za bonde la Kongo, vyuma vyenye umbo la silaha vilitumika kama fedha na kama mahari.

Wakuba, walio kusini zaidi, wana simulizi inayostahili kusikilizwa. Husimuliwa kwamba Mfalme Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 17, alipiga marufuku kisu cha kurusha kiitwacho shongo, na mahali pake akaleta ikul, kisu cha amani, chenye bapa pana mfano wa jani. Mtafiti Mhungari Emil Torday, aliyefika katika mji mkuu wa Wakuba mwaka 1908, aliiandika simulizi hiyo. Ikul ilivaliwa na wanaume kuonyesha heshima, na nyingine zilichongwa kwa mti mtupu. Mabadiliko ya umbo la kisu yalikuwa hapo uamuzi wa kisiasa: dola iliyojipatia utulivu iliugeuza upanga wake kuwa vazi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, visu vya miisho miwili ya barabara vilikuwa vikisafiri kwa njia zinazopishana. Huko Kongo, utawala wa kikoloni uliwanyang'anya watu silaha, chuma cha Ulaya kikaingia kwa wingi, na matanuri ya udongo ya kuyeyushia madini yakazimika moja baada ya jingine. Silaha ya mhunzi ikawa kitu cha kukusanywa. Huko Flanders, miaka hiyo hiyo, mtoto wa nchi ya viwanda alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, nyundo mkononi, akigonga kipande cha nguzo ya seng'enge ili apate silaha. Mmoja alikuwa akiondolewa kwenye uhunzi wake, mwingine akirudishwa kwenye uhunzi wa mababu zake, na wote wawili kwa nguvu za dola zilizowazidi uwezo.

MKONO USIO NA JINA

Wanaoichunguza historia ya visu vya mahandakini hukutana na taabu moja kubwa. Kisu cha kiwandani kina chapa, namba na kumbukumbu za mauzo. Kisu kilichotengenezwa kwa mkono hakina. Kwa sababu hiyo ni rahisi pia kughushiwa, na tangu vitu vya vita vile vilipoanza kutafutwa na wakusanyaji, vya bandia vimekuwa vingi sokoni.

Mchunguzi hulazimika kukisoma chuma chenyewe. Hutazama kama bapa lina mifereji ya singe, kama mpini una uchakavu wa mkono wa kweli, kama kutu imeingia pia chini ya mpini, na kama ala inalingana na bapa. Juu ya yote, hutafuta habari za kisu: nani alirudi nacho, kutoka kikosi gani, na nani alikikabidhi makumbusho. Kisu chenye habari hizo huwa ushahidi. Kisu kisicho nazo hubaki kipande cha chuma.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayohitajika Tervuren, na huko ugumu wake umezidi. Waliovileta visu vya Kongo waliandika mara nyingi jina la afisa aliyevikusanya, na mara chache mno jina la mhunzi aliyevifua. Makumbusho hayo yalifungwa kwa ukarabati mwishoni mwa mwaka 2013 na kufunguliwa tena mwezi Desemba mwaka 2018 yakiwa yameahidi kueleza upya namna vitu vilivyopatikana. Mwezi Februari mwaka 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000, ili uchunguzi wa asili yake ufanywe na pande zote mbili. Ndani ya kazi hiyo swali linabaki lile lile la mahandakini: kitu hiki kilitoka mkononi mwa nani, na kilitokaje?

Umbo lililozaliwa katika mahandaki halikufa mwaka 1918. Mwishoni mwa mwaka 1940, Waingereza wawili waliowahi kuwa polisi mjini Shanghai, William Fairbairn na Eric Sykes, walikaa na kiwanda cha Wilkinson Sword cha London kubuni jambia la makomando, na mwaka uliofuata likaanza kutolewa. Lilikuwa jembamba, lenye makali pande mbili, na lilikuwa na kizuizi cha mkono. Wabelgiji waliokimbilia Uingereza walilipata walipojiunga na kikosi cha makomando wa mataifa washirika, na jambia likaingia katika nembo ya kofia za makomando wa Ubelgiji. Silaha iliyoanza kama nguzo ya seng'enge ilikuwa imekuwa alama ya heshima, sawa na ikul iliyovaliwa kiunoni na Wakuba.

Msafiri wa leo aweza kwenda kutoka mwisho mmoja hadi wa pili katika muda usiofika saa moja, kwa tramu namba 44 inayoanzia uwanja wa Montgomery, karibu na Cinquantenaire, hadi Tervuren. Ni safari fupi. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 visu vya miisho hiyo miwili vimesimuliwa kana kwamba vimetoka katika dunia mbili. Fundi wa Flanders na mhunzi wa Kongo hawakuacha majina yao. Walichoacha ni chuma, na chuma hicho, kikisomwa kwa haki, husema kwamba wote wawili walikuwa mafundi wenye akili waliofua silaha kwa sababu vita viliwakuta.